Ripoti ya skani ya ubongo ya mzee wako: isome hivi kabla hujampigia kila mtu simu

Mara kwa mara natumiwa picha ya ripoti ya CT scan ya babake mtu au bibi yake, imepigwa ndani ya tuktuk, nusu ya karatasi haionekani, na chini ameandika "hii ni kansa?" Ukiisoma vizuri unakuta hata hilo neno lililomtisha limetanguliwa na neno la kusema halipo. Nimefanya unesi huku Malindi na makosa ni yaleyale, mtu anasoma neno moja anaacha sentensi, ama anasoma sentensi anamsahau mzee aliyekaa pale pembeni. Basi leo tuende pole pole. Sikufanyi wewe daktari, nataka ukiingia chumba cha daktari na zile dakika zako chache utoke umeelewa.

## Kama kimetokea leo, usisome, nendeni

Mdomo umepinda, mkono au mguu umeishiwa nguvu ghafla, maneno hayatoki au yanatoka ovyo, kichwa kimeuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, au mzee amelala na haamshiki: hospitali, saa hiihii. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo kawaida hupewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima skani ipigwe. Mtu wa Lamu ana boti mpaka Mokowe halafu barabara yote ile mbele yake, kwa hivyo ile "tungojee kupambazuke" inakula muda wote.

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, utaulizwa hiyo mwanzo. Usimpe aspirini nyumbani, kwa sababu kiharusi kinaweza kuwa cha damu kuganda au cha mshipa kupasuka na kwa macho huwezi kutofautisha, na kama ni cha kupasuka umemzidishia. Usimlishe wala kumnywesha. Hata maji ya kombe yangoje kidogo, koo likiwa limelegea yanaingia mapafuni.

## Vitu vya kukusanya kabla hujaanza

- Ripoti yenyewe, kurasa zote. Siyo picha iliyokatwa.
- CD au filimu za skani. Kama mmetoka Lamu kwenda Mombasa kupiga, usiondoke pale bila CD, nauli ya kuirudia ni kubwa kuliko CD yenyewe.
- Fomu ya daktari aliyeomba skani, au hata picha yake.
- Ripoti za skani za zamani kama zipo, hata ya miaka kumi nyuma.
- Dawa zote anazomeza, pakiti zenyewe kwenye mfuko, na za kienyeji pia. Zitenge zile za kufanya damu iwe nyepesi: aspirini, na pakiti zilizoandikwa warfarin, clopidogrel au rivaroxaban.
- Daftari lenye tarehe: kusahau kulianza lini, alianguka lini, presha imekuwa ikisoma ngapi.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Mtu anayelala nyumba moja na mzee. Huyu ni muhimu kuliko yule mtoto wa mjini mwenye Kiingereza kizuri, kwa sababu ndiye anayejua bibi akiamka usiku anafanya nini.

## Hatua ya 1: Hakikisha karatasi ni yake

Utacheka lakini fanya. Pwani majina yanajirudia, Mohamed Ali na Fatma Omar wako wangapi, na hospitalini jina la tatu linakatwa. Linganisha jina, umri, tarehe ya skani na namba ya mgonjwa kwenye ripoti, kwenye bahasha na kwenye CD. Ikiwa umri umekosewa miaka miwili mitatu, sawa, wazee wetu wengi tarehe za kuzaliwa ni za kukisia. Ikiwa bibi wa miaka 80 ameandikwa mwanamume wa 45, rudi dirishani.

Angalia na chini kabisa kama kuna jina na saini ya daktari wa picha. Ukiona "preliminary report" hiyo ni ya muda, yaja nyingine ya mwisho na inaweza kuwa na mabadiliko.

## Hatua ya 2: Jua ni CT ama MRI

Hii inabadilisha maana ya kila kitu kinachofuata. CT ni eksirei nyingi kwa pamoja, ni ya dakika chache, na ni kali sana kuona damu iliyomwagika na mfupa uliovunjika. MRI ni sumaku, mzee atalala kwenye mashine ya kelele kama nusu saa hivi na mara nyingine zaidi, nayo inaona vidogo ambavyo CT haivioni.

La kukumbuka: kiharusi cha damu kuganda kikiwa bado kipya, masaa ya mwanzo, CT inaweza kutoka safi kabisa. Kwa hivyo CT "normal" iliyopigwa saa mbili baada ya mkono kulegea haisemi hakuna kiharusi, inasema hakuna damu iliyomwagika. Watu wamerudi nyumbani na hiyo "normal" wakishukuru, mzee mkono bado unaning'inia.

Kama mnatumwa MRI, mwambie fundi mapema kuhusu betri ya moyo, chuma chochote mwilini, au kipande kilichoingia jichoni zamani akichomelea. Na kama watachoma dawa ya kung'arisha picha ya CT, waambie ana shida ya figo au anameza dawa ya sukari ya metformin.

Umefika hapa ukiweza kusema kwa mdomo wako: "hii ni CT bila dawa, imepigwa siku ya tatu baada ya kuugua."

## Hatua ya 3: Soma swali kwanza, halafu jibu

Juu ya ripoti kuna sehemu inaitwa "Clinical history" au "Indication". Hapo ndipo daktari aliyeomba skani ameandika anatafuta nini, na yule aliyesoma picha amejibu hilo. Sasa ikiwa pameandikwa "headache" peke yake, na ukweli ni kwamba bibi aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya mawe wiki tatu zilizopita na tangu hapo anachanganya majina ya watoto, aliyesoma picha hakuambiwa habari kubwa kuliko zote. Mwambie daktari wenu. Anaweza kuomba picha ziangaliwe tena na hilo swali, bila kupiga skani mpya.

Baada ya swali ruka mpaka mwisho, penye "Impression" au "Conclusion". Ni mistari michache na ndiyo anayoisoma daktari. Yale maelezo marefu ya katikati, "Findings", utayarudia baadae, mengi humo ni kutaja sehemu za ubongo moja moja na kusema ziko sawa.

## Hatua ya 4: Piga mstari chini ya kila "no"

Chukua kalamu ya kwanza. Pitia ripoti yote na kila penye "no", "no evidence of", "without", "normal", "preserved" au "unremarkable", piga mstari mpaka mwisho wa sentensi. Hayo kwa kawaida ni habari njema. "No intracranial haemorrhage, mass or midline shift" ina maneno matatu ya kutisha na yote matatu wamesema hayapo. Hilo "no" la mwanzo linabeba orodha nzima, na hapo ndipo watu wanapoanguka, manake jicho linadaka "haemorrhage" kwanza.

"Unremarkable" nayo inawachanganya wengi, wanadhani ni lawama. Maana yake hakuna cha kutaja, pako sawa.

Jihadhari na maneno ya nusu nusu: "cannot be excluded", "suspicious for", "suggestive of". Haya hayaingii kwenye mstari wa kalamu ya kwanza. Yazungushie duara kwa kalamu ya pili, ni maswali ya daktari.

Ukimaliza, kilichobaki bila mstari kwa kawaida ni sentensi chache tu. Mtu aliyekuja anatetemeka na kurasa mbili sasa ana mistari minne ya kushughulika nayo.

## Hatua ya 5: Yaliyobaki yagawe mafungu matatu

Hapa kaa. Hapa ndipo penye kazi.

Fungu la umri. "Atrophy", "volume loss", "involutional changes", "prominent sulci": yote yanasema ubongo umepungua. Ni kama nazi inayogeuka mbata, nyama inajikunyata inaachana na kifuu, pakabaki nafasi. Kwa mtu wa miaka 75 au 80 kupungua fulani ni kawaida, tafuta neno "age-related" au "age-appropriate" karibu na hapo. Ukiona kinyume chake, "more than expected for age", au wametaja sehemu moja maalum kama "hippocampal" au "medial temporal", hilo lizungushie, kwa sababu sehemu hiyo ni ya kumbukumbu. Mara nyingine wanaipa alama ya MTA kutoka 0 hadi 4, na kwa kawaida alama 2 kwa aliye chini ya miaka 75, au 3 kwa aliyezidi hapo, ndiyo inaanza kuangaliwa.

Kwenye fungu hili weka pia "calcification" ya "pineal", "choroid plexus" na mara nyingi "basal ganglia", ni chokaa tu inajiweka na umri. Na "mucosal thickening" ya "sinuses" ni mambo ya mafua na pua.

Halafu kuna hili lenye majina mengi: "small vessel disease", "chronic microvascular ischaemic changes", "white matter hyperintensities", "leukoaraiosis". Yote karibu ni kitu kimoja, vimishipa vidogo vya ndani vimechakaa na ubongo wa karibu yake umekosa damu ya kutosha kwa miaka. Kwa MRI huenda wakaandika Fazekas na namba 0 hadi 3, 1 ni kidogo na wazee wengi wanayo, 3 ni nyingi. Daktari mara nyingi atalipita haraka aseme ni uzee. Mimi hapa sikubaliani na hiyo haraka. Ndilo neno kwenye ripoti ambalo nyumbani mna uwezo nalo kuliko yote, kwa sababu linaletwa zaidi na presha, na sukari na sigara zinasaidia. Mzee aliyeacha dawa ya presha kwa sababu "nimepona", anayekula achari na ng'onda kila mchana, hilo neno linamhusu yeye na mpishi wake.

Fungu la makovu. "Old infarct", "lacunar infarct", "encephalomalacia", "gliosis". Hizi ni alama za kiharusi kilichopita. "Lacunar" ni kidogo, kisichozidi milimita 15. Familia inakataa hapohapo: "lakini hajawahi kupooza!" Inawezekana kabisa, vidogo hivi vinapita kimya kimya, au siku ile mlisema amechoka na jua. Kovu halifutwi, ila linasema mishipa ina tatizo na kingine chaweza kuja, kwa hivyo swali ni kimetoka wapi: presha, sukari, mafuta ya damu, au moyo unaodunda bila mpangilio. Kama hajawahi kupimwa mapigo ya moyo kwa ECG, uliza.

Fungu la kushughulikiwa sasa. "Acute" au "subacute infarct", "haemorrhage", "haematoma", "mass effect", "midline shift", "herniation", "hydrocephalus". Ni kiharusi kipya, damu iliyomwagika, ubongo kubanwa au kusukumwa, au maji kujaa ndani yake. Ukiona lolote hapa na halina "no" mbele, usingoje siku ya kliniki, mpigie aliyeomba skani au rudi naye emajensi leo. "Midline shift" huja na namba, ubongo umesukumwa kutoka katikati, na ikizidi milimita 5 madaktari wa upasuaji wanaichukulia kwa uzito.

Na huku kuna mtego. "Chronic" maana yake ni ya muda mrefu, kwa hivyo utadhani haina haraka, sivyo? Isipokuwa kwenye "chronic subdural haematoma". Hiyo ni damu iliyojikusanya pole pole kati ya ubongo na fuvu, ile nafasi niliyosema ya mbata, vimishipa vinavyopita pale vimevutika na vinakatika kirahisi. Mzee anateleza bafuni, anagonga kichwa kwenye kizingiti, anaanguka kwenye punda, analia kidogo anaendelea na mambo yake. Wiki kadhaa baadae anaanza kusinzia sinzia, anachanganyikiwa, anaburuta mguu, na nyumba nzima inasema ni uzee au amepata pepo. Wanaomeza dawa za damu nyepesi wako hatarini zaidi. Uzuri wake ni kwamba hutibika, mara nyingi daktari anatoboa tundu dogo kwenye fuvu damu inatolewa, na wazee wengi wanarudi vizuri. Kwa hivyo neno "subdural" halikai kwenye droo hata liwe na "chronic" mbele.

Vingine viwili vya kutofautisha. "Hydrocephalus ex vacuo" ni nafasi za maji zimekua kwa sababu ubongo umepungua, hiyo ni fungu la kwanza. Lakini "normal pressure hydrocephalus" ni nyingine, na ukiona imetajwa jiulize mambo matatu: anatembea kwa kuburuta kama nyayo zimegandia sakafuni, anajikojolea, anasahau. Yakiwa yapo matatu, mwambie daktari kwa sauti, kuna wanaosaidika kwa kuwekewa mrija wa kupunguza maji. Na "meningioma" ni uvimbe wa ngozi inayofunika ubongo, mwingi wake si kansa na unakua taratibu, mara nyingi umeonekana kwa bahati tu. Uliza ukubwa, uko wapi, unabana kitu ama haubani.

Umefaulu hatua hii kila sentensi iliyobaki ikiwa imekaa kwenye fungu lake, na ile usiyoijua umeiwekea alama ya kuuliza badala ya kuikisia.

## Hatua ya 6: Sasa mrudie mzee mwenyewe

Karibu kila ripoti ina "correlate clinically". Wanasema: sisi tumeona picha tu, nyinyi mnaomwona mtu linganisheni.

Anza na pande. Ubongo wa kushoto unaongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Kwa hivyo "left MCA infarct", yaani kiharusi cha mshipa mkubwa wa kati wa ubongo upande wa kushoto, na mzee aliyelegea kulia na kushindwa kuongea, vinaafikiana. Ikiwa ripoti inasema kushoto na aliyelegea ni kushoto, uliza. Ukiangalia filimu usishangae, upande wa kushoto wa picha ni upande wa kulia wa mgonjwa, ndivyo zinavyowekwa.

Halafu kusahau. Hakuna skani hizi za kawaida inayosema peke yake "huyu ana dementia". Kuna wenye ubongo uliopungua wanakumbuka madeni ya kila mtu barazani, na kuna wenye skani nzuri hawajui njia ya kutoka msikitini kurudi nyumbani. Skani ikitoka safi na bado bibi si yule mnayemjua, msirudi kulala. Yapo mengi ya kufanya mtu achanganyikiwe ambayo hayaonekani kwenye picha: maambukizi ya mkojo, malaria, chumvi ya damu kushuka, sukari kushuka, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 ambao dawa ya metformin ya miaka mingi inaweza kuuleta, dawa za usingizi na za mzio, huzuni ya kufiwa. Kama amebadilika ndani ya siku mbili tatu, hayo yatafutwe haraka.

## Hatua ya 7: Chumba cha daktari

Usimpe karatasi ukakaa kimya. Weka mbele yake ripoti, mfuko wa dawa na daftari, na uulize kwa mpangilio huu, mambo yakikatizwa uwe umepata ya juu:

1. Dokta, hiki kilichoonekana ndicho kinacholeta shida tuliyokuja nayo, ama kimeonekana tu?
2. Ni kipya au cha zamani? Mnajuaje?
3. Kuna dawa ya kuacha leo, au ya kuanza? Hasa hizi za damu nyepesi.
4. Presha yake tunataka isome ngapi?
5. Anahitaji daktari wa ubongo au wa upasuaji, na barua ya rufaa naipata hapa?
6. Nikiona nini nyumbani nirudi usiku huohuo?
7. Skani nyingine inahitajika? Lini, na ya kutafuta nini?

Hilo la saba limeokoa watu pesa. Mabadiliko ya umri hayahitaji skani kila mwaka, ila subdural au uvimbe unaofuatiliwa unahitaji tarehe. Kabla ya kusafiri tena, piga simu uulize mashine inafanya kazi siku hiyo na kama SHA, bima ya afya ya serikali, itagharamia.

Kisha rudia kwa Kiswahili ulichoelewa: "Kwa hivyo dokta, ni hivi na hivi?" Akitikisa kichwa, rekebisha palepale.

Ukitaka daktari wa pili aangalie, tuma mafaili ya CD. Filimu iliyoinuliwa dirishani ikapigwa na simu haimsaidii.

## Hatua ya 8: Kumwambia mzee na familia

Mzee akiwa na akili zake, ripoti ni yake. Muulize kwanza nani aambiwe. Grupu la WhatsApp la ukoo lina watu arubaini na mmoja wao atasambaza picha yenye jina na namba ya bibi mpaka Dubai. Andika sentensi tatu, zimetosha: wameona nini, tunafanya nini, tunarudi lini.

Kwa mwenyewe, karibu na sikio na bila kupiga kelele: "Bibi, wameona alama ya damu kukosa kufika mahali padogo zamani. Dawa ya presha tutakupa kila asubuhi, na ngazi tutapanda pamoja." Akiuliza zaidi mjibu, akinyamaza usimjaze.

Nyumbani siku hiyohiyo: taa kwenye ngazi, kamba au mti wa kushika kwenye kona ile ya mwisho, mkeka unaoteleza uondoke mlangoni, kandambili zilizolika chini zitupwe. Bahasha na CD ziwekwe mahali pakavu mbali na jiko, filimu zinagandana kwa joto na unyevu, na juu ya bahasha andika tarehe ya skani na aina yake, CT au MRI, kwa maandishi makubwa.